Aya Saba Alizokunywa Bibi Mwajuma

Misugusugu, Jumapili alasiri. Mvua imekatika tangu saa sita, lakini mawingu bado yapo na uwanja wa kanisa ni tope tupu. Miguu inaniuma mpaka magotini.

Nimechoka. Neno hili nimeliandika mara nyingi mno katika daftari hili, hata ukifungua ukurasa wowote utalikuta. Lakini uchovu wa leo si wa kutembea.

Leo ilikuwa siku ya ubatizo. Mchungaji alikuja kutoka Kisarawe, akafika jana magharibi suruali ikiwa imelowa mpaka mapajani. Magauni meupe ya kitambaa cha marekani yalikwisha kushonwa. Kuku walikwisha kuchinjwa. Watu tisa walikuwa wamengoja siku hii mwaka mzima na zaidi.

Hakuna aliyebatizwa. Aliyeharibu ni mimi.

Nataka niandike ilivyokuwa sasa hivi, kabla sijaanza kujitafutia udhuru. Najijua. Kufika kesho kutwa nitakuwa nimeigeuza hadithi hii mpaka mimi ndiye niliyeonewa.

Mambo yalianza na karatasi. Tangu Wazungu wa misheni walipochukuliwa mwanzoni mwa vita, vitabu havijaletwa, na karatasi imekuwa adimu kama chumvi. Katika vituo vyangu vitatu, hapa, Sofu na Pangani ya jirani, kuna Agano Jipya moja, nalo ni langu, limeliwa na mchwa pembeni. Kwa hiyo nikabuni utaratibu. Kila Jumatatu nakata vipande vya karatasi, naandika aya moja kwa wino wa unga ninaoukoroga mwenyewe, nampa kila mwanafunzi wa ubatizo kipande chake. Anakwenda nacho nyumbani, anakariri, Jumatatu ya pili anakirudisha na kuisema aya yake mbele ya wenzake. Akiisema sawasawa nampa nyingine. Akikosea anabaki na ile ile.

Ndivyo nilivyofundishwa mimi. Mwalimu wangu alikuwa na fimbo, mimi sina, na kwa hilo nilijiona mwalimu mwema.

Tatu binti Kondo alikuwa bora kuliko wote. Ni mjane wa Sofu, wa makamo, analima mpunga karibu na jaruba la mke wangu Marta, na ni Marta aliyemleta darasani. Hajui kusoma hata herufi moja. Lakini nikimsomea aya mara tatu, imekwisha kuingia, na wiki inayofuata ataisema bila kukwama, na za nyuma zote atazisema. Nilikuwa nikimwonyesha kwa wenzake. Mwangalieni Tatu, nilikuwa nikisema, naye hata kusoma hajui.

Basi, Tatu alikuwa akirudisha vipande vyake vikiwa vyeupe.

Vyeupe kabisa. Vimekunjamana na kukauka, wino haupo, ila pengine doa la rangi ya samawati pembeni. Wiki ya kwanza nilidhani alinyeshewa njiani. Wiki ya pili nilidhani hivyo hivyo. Kufika wiki ya tatu sikudhani kitu tena, nilifurahi tu. Karatasi safi! Wengine waliniletea vipande vyenye maandishi ambavyo sikuweza kuviandika mara ya pili, na huyu ananiletea vya kuanzia upya. Nilivinyoosha chini ya Agano langu, nikaviandika aya nyingine, nikamrudishia.

Wiki saba. Sikumwuliza hata mara moja.

Jumatano iliyopita Mzee Zakaria, mzee wetu wa kanisa, alipita Sofu kumwangalia mgonjwa. Alipofika uani kwa Tatu alimkuta mama yake Tatu, Bibi Mwajuma, amekaa kwenye mkeka na sahani nyeupe mkononi, na ndani ya sahani maji, na ndani ya maji kipande cha karatasi kikielea. Bibi akakitoa kwa vidole viwili, akakianika juu ya kinu, akanywa yale maji.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa alichokiona. Ni kombe. Majirani zetu Waislamu wanakwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, anawaandikia aya kwa zafarani ndani ya sahani, wanazisuuza kwa maji au marashi, mgonjwa anakunywa. Bibi Mwajuma amekunywa kombe maisha yake yote. Yeye ni Mwislamu na wala hajasema atakuwa kitu kingine. Lakini kombe hili lilikuwa la Injili, na mwandishi wake nilikuwa mimi.

Mzee Zakaria alikuja kwangu jioni ile hata salamu ilimshinda. "Mwalimu, Neno la Mungu limefanywa dawa ya kienyeji, na mwandiko ni wako."

Alhamisi wazee wakakaa. Walikuwa watatu, na mimi wa nne. Wakasema jina la Tatu litolewe katika orodha ya ubatizo, na habari zake zipelekwe Kisarawe. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo upesi, maana nilikuwa na homa na nilitaka kulala. Ijumaa asubuhi nikaandika orodha ya watu wanane kwa mwandiko wangu mzuri.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Sikuilaumu akili yangu kwa kutouliza wiki saba. Nilimlaumu mjane.

Marta aliiona orodha mezani, akaihesabu kwa kidole.

"Baba Elia, Tatu yuko wapi?"

Nikamweleza. Aliendelea kupepeta mchele. Mwishoni akasema, "Basi nenda ukamwambie mwenyewe. Usimwache aje Jumapili na gauni lake."

Jana asubuhi nikaenda Sofu. Njia ilikuwa mbaya, nilivua viatu nikavibeba. Njiani nilitunga maneno. Nilikuwa nimepanga kuanza na upole, kisha onyo, kisha matumaini, kama tulivyofundishwa.

Tatu alinipokea vizuri, akanitolea kigoda. Mama yake alikuwa pale pale kwenye mkeka, kifua kinakoroma kama sufuria inayoanza kuchemka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye yale maji?"

Nikasema ni mimi.

"Machungu," akasema. "Ya mwalimu wa chuo yananukia. Ya kwako yananibaki kooni mpaka adhuhuri. Lakini nakunywa."

Nikamgeukia Tatu, nikamwuliza kwa nini amefanya vile. Nilijaribu sauti yangu iwe ya mchungaji. Hakuogopa. Alinijibu huku akimfunika mama yake shuka miguuni.

"Mwalimu, nilipoingia darasani Mzee Zakaria aliniambia nisimpeleke Mama tena kwa mwalimu wa chuo. Nikatii. Mama kifua kikamzidi. Nikawaza, nitampa nini? Maandishi mliyonipa ni haya."

"Lakini Tatu, wewe unazijua aya hizo zote kwa moyo. Huoni kwamba si za kunywa?"

"Nazijua."

"Zinasema nini?"

Akaniangalia. Naapa hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeipokea vizuri zaidi.

"Hukutuambia, Mwalimu. Ulituambia tuzikariri."

Nilikaa kwenye kigoda kile nikahisi masikio yanawaka. Nilianza kupekua kichwani wiki moja moja, nikitafuta Jumatatu hata moja niliyokaa nao nikawaeleza aya inamhusu nani, inamwambia mtu afanye nini akirudi shambani. Sikuipata. Nilikuwa nikifika nimechoka, nasikiliza, natikisa kichwa, nagawa vipande, naondoka kuwahi Pangani. Wanakariri, Mchungaji anakuja, wanasema mbele yake, wanabatizwa. Miaka kumi na minne ni hivyo. Nimewabatizisha watu wangapi ambao hawajui walichosema?

Ndipo Bibi Mwajuma akasema neno lake. Alikuwa amefumba macho, nilidhani amelala.

"Wiki saba nakunywa, na hakuna mtu aliyeniambia nakunywa nini. Ile ya mwisho ilisema nini?"

Ya mwisho ilikuwa ile ambamo Bwana anawaita waliochoka na kulemewa na mizigo, wajitie nira yake, atawapa raha. Nikamsomea. Alisikiliza vizuri, midomo yake ikinifuata.

"Nira ndiyo nini?"

Daftari, mimi sijapata kuona nira. Huku kwetu ng'ombe hawalimi, mbung'o wamewamaliza. Nimelitamka neno hilo miaka yote hii, nimeliimba, nimeliombea, na sijapata kujiuliza ni kitu cha namna gani. Lakini mwalimu akiulizwa hujibu. Nikamwambia ni kama mzegazega, ule mti wa begani wa kuchukulia madebe ya maji.

Bibi akafumbua macho.

"Marehemu mume wangu alibeba mzegazega mpaka bega likaota sugu. Sasa huyo Bwana wako, mtu amechoka, anamwita ampe mzegazega mwingine? Ndiyo raha hiyo?"

Tatu aliinamisha kichwa. Nadhani alicheka kidogo, na sikumlaumu.

Nikasema nitakwenda kuangalia vizuri. Nikaaga. Sikumwambia Tatu kwamba jina lake limetolewa. Nilikwenda mwendo ule wote kwa jambo moja, na nikarudi nalo.

Nilifika nyumbani Mchungaji hajafika bado. Ningeweza kuiandika orodha upya. Karatasi ilikuwapo, wino ulikuwapo. Marta alinitazama. Nikajinyoosha kitandani, nikajiambia homa imerudi. Ilikuwa imerudi kweli, lakini si kwa kiasi hicho.

Leo asubuhi basi. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje penye dirisha. Tatu alikuja na gauni lake jeupe, akakaa na wenzake mbele. Mzee Zakaria akamwendea, akamnong'oneza, naye Tatu akainuka akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Gauni lilikuwa limeshonwa na Marta.

Mchungaji Andrea ni mtu wa maneno machache, na hapendi kupotezewa wakati. Nikampa orodha. Akawaita wale wanane mmoja mmoja, akawauliza aya, wakazisema. Walizisema vizuri kupita kiasi. Hakuna aliyekwama. Watu wa dirishani wakaanza kunong'ona kwa furaha, na Mchungaji akanigeukia mbele ya kanisa lote akasema, "Mwalimu, umefanya kazi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama, wala sijui ni ujasiri. Nadhani nilichoka tu kubeba sifa ile, nilitaka mtu aniondolee. Nikasema, "Mchungaji, naomba uwaulize aya zinasema nini."

Akaniangalia juu ya miwani. "Wamezisema sasa hivi."

"Waulize maana yake. Kwa maneno yao wenyewe."

Akamwuliza wa kwanza, kijana wa Pangani aliyekuwa akitabasamu tangu asubuhi. Kijana akaisema aya yake tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mchungaji akasema la, maana yake. Kijana akanitazama mimi. Akaulizwa wa pili, akanitazama mimi. Kufika wa nne wote wanane walikuwa wananitazama, na kanisa zima pia, na sikuwa na pa kuweka macho.

Ndipo nikasema yote. Kwamba katika darasa hili wanafunzi ni tisa na si wanane. Kwamba wa tisa amekaa mlangoni kwa sababu alimnywesha mama yake mgonjwa vipande vyangu, na kwamba alivirudisha vyeupe wiki saba nikafurahi kupata karatasi. Kwamba yeye na hawa wanane hawana tofauti, ila kosa lake limeonekana na la hawa lilikuwa halijaonekana. Kwamba hawakufundishwa. Kwamba mimi mwenyewe jana nimeulizwa nira ni nini na bibi wa Kiislamu, nikamjibu nisichokijua.

Mzee Zakaria alisimama akasema, "Mwalimu, yatosha." Sijui kama alinionea huruma au aibu. Lakini Mchungaji akamfanyia ishara akae.

"Nira hujui?" akaniuliza.

"Sijapata kuiona."

Mchungaji Andrea alisomea bara, kule wanakolima kwa ng'ombe. Alifunga kitabu chake, akanyoosha mikono yake miwili mbele yetu, akatuonyesha mti ulivyo na shingo zinapoingia. Akasema nira haivaliwi na ng'ombe mmoja. Ni ya wawili. Ng'ombe mchanga asiyejua kazi hufungwa pamoja na mzee aliyezoea, na yule mzee ndiye anayevuta, mchanga anajifunza kwenda kando yake. Alisema kwa dakika chache tu, kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuezeka paa.

Mwanamke mmoja pembeni, mama wa watoto sita ambaye mume wake yuko vitani, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilitoa machozi pia. Miaka kumi na minne nimeibeba aya ile begani peke yangu.

Na Tatu, kule mlangoni, akasema, si kwa nguvu, lakini tulimsikia, "Kumbe hakumpa mzigo wa pili."

Mchungaji akamwangalia kitambo. Akasema hilo ndilo jibu alilokuwa akilitafuta asubuhi yote.

Nilidhani atambatiza. Kusema kweli niliomba moyoni ambatize, ili siku isiharibike yote na mimi nipate pa kushika. Hakumbatiza. Akasema hatabatiza mtu leo, wala Tatu, wala wale wanane. Jina la Tatu lirudi katika orodha. Darasa lianze upya, kila aya ielezwe kabla ya kukaririwa, naye atarudi baada ya mavuno ya mpunga kusikiliza. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba kazi yangu hataninyang'anya, ila nisidhani kwamba huko ndiko kusamehewa kwa urahisi.

Watu walikasirika, na wana haki. Mama mmoja alikuja kwangu moja kwa moja, gauni jeupe la binti yake mkononi.

"Mwalimu, wageni wangu wametoka Mlandizi kwa miguu. Niwaambie nini?"

Nikamwambia awaambie mwalimu hakufanya kazi yake. Akasema hilo ataliambia, nisiwe na wasiwasi. Pilau ililiwa vilevile, ila mimi sikuitwa. Mzee Zakaria alipita mbele ya mlango wangu akaitazama barabara. Yule kijana wa Pangani amevua shati lake jipya, amelikunja, amekwenda zake bila kuaga. Naogopa hatarudi. Kama hatarudi, hilo nalo ni langu.

Marta alinipa uji. Hakunisifu, hakunilaumu. Alisema tu kwamba ningeisema Alhamisi mbele ya wazee watatu, ingekuwa nafuu kuliko leo mbele ya watu wote. Ni kweli.

Sasa ni karibu saa kumi na moja. Mchungaji ameondoka mapema awahi kabla mvua haijarudi. Kabla ya kuondoka nilimwomba anisomeshe na mimi, hata kwa barua, kwa maana kuna aya nyingi ambazo nikizitazama naona ni kama ile ya nira, nimezipita juu juu. Alisema atafanya. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe ana za kwake asizozielewa, na hilo lilinifariji kuliko yote aliyosema.

Tatu ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Alikuwa amejifunga kanga juu ya gauni jeupe lisichafuke tope. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza, nikakwama katikati, mimi ninayesahihisha waliokwama. Hakunisaidia. Aliningoja mpaka nikamaliza.

Kisha akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Mama anauliza kama kesho utakuja Sofu. Kunywa ameacha. Ila zile sita nyingine anataka kujua zilisema nini."

"Anataka kuingia darasani?"

"Hajasema hivyo. Amesema anataka kujua."

Nikamwambia nitakuja.

Nimezifungua katika Agano langu hapa mezani, zote sita. Mbili naweza kuzieleza. Ya tatu nadhani naweza. Zilizobaki nimezisoma kwa sauti mara kadhaa, polepole, kama mtu asiyezijua, na kweli sizijui. Kesho mbele ya mwanamke yule mgonjwa nitasema ninalolijua, na nisilolijua nitamwambia silijui. Sijapata kufanya hivyo mbele ya mtu yeyote.

Nina miaka kumi na minne ya ualimu. Kesho asubuhi nakwenda kufundisha somo langu la kwanza, na ninaogopa.